Taulo la kamba lisiwe msasa

Ninafua mashuka na mataulo ya nyumba moja ya wageni huku Kigamboni. Mashine ya kukaushia hatuna. Tuna kamba nne, vibanio, jua na upepo wa bahari. Mwaka wangu wa kwanza mgeni mmoja alitoka chumbani kashika taulo, akaniuliza: "Mama, umenipa taulo au msasa?" Nilicheka kwa aibu. Taulo lilikuwa safi, linanukia, ila limekakamaa kama ng'onda. Nikasingizia jua. Jua nalo lina lake, lakini wakosaji wakubwa ni sabuni inayobaki kwenye nguo, madini yaliyomo kwenye maji, na nguo kukauka bila kuguswa.

Hatua ya 1: Yajue maji yako

Chukua chupa safi ya nusu lita, tia maji hadi katikati, kwangulia humo sabuni ya mche kiasi cha ukucha, funga, tikisa sana. Maji laini yatatoa povu jingi linalokaa. Maji magumu povu lake ni haba, linakufa upesi, na maji yenyewe yanakuwa kama tui lililokatika. Huo mgando ni sabuni iliyoshikana na kalsiamu na magnesiamu, na ndio unaong'ang'ania kwenye nyuzi. Kisima chetu ndivyo kilivyo. Kama na chako ni hivyo, sabuni ya mche iachie kola na madoa, nguo nzima ifue kwa sabuni ya unga, ambayo haigandi kirahisi namna hiyo.

Hatua ya 2: Punguza sabuni

Vijiko viwili vya chakula kwa ndoo ya lita 20 vinanitosha. Koroga mpaka iyeyuke ndipo utie nguo. Povu kufurika si usafi, ni kazi ya kusuuza unajiongezea.

Hatua ya 3: Suuza mpaka maji yasiteleze

Mimi nasuuza mara tatu. Maji ya kwanza ni ya kutoa povu tu. Baada ya yale ya pili, kamua pembe ya taulo kiganjani na usugue vidole: yakiteleza, bado. Kwenye ndoo ya mwisho natia nusu kikombe cha chai cha siki nyeupe, naloweka dakika 15, nakamua. Siki inayeyusha chokaa na kuondoa mabaki ya sabuni. Harufu yake huisha nguo ikikauka, usihofu kwamba wageni watanuka kachumbari.

Jambo moja usilifanyie mzaha: siki isikutane na jiki, hata yale mabaki ya chini ya ndoo. Hutoa gesi ya klorini, na hiyo inachoma mapafu. Kwangu siku ya jiki ni siku ya jiki, siki inabaki kabatini.

Dawa za kulainisha nguo je? Kwenye mashuka sina ugomvi nazo. Kwenye mataulo sitii, kwa sababu zinaacha utando juu ya nyuzi na taulo linapunguza kunyonya. Unajifuta, maji yanahama tu kutoka bega hili kwenda lile. Masika ndiyo neema yangu: nakinga maji ya mvua kwa kusuuzia. Yale ya mwanzo yanayoosha vumbi la bati nayamwaga.

Hatua ya 4: Kung'uta

Hapa ndipo wengi wanapopuuza. Taulo likitoka kukamuliwa limejisokota, na vile vinyuzi vyake vya juu vimelala. Ukilitupa hivyo hivyo kambani, linakaukia hivyo hivyo. Lishike pembe mbili, miguu ipanue kidogo, linyanyue mpaka juu ya kichwa kisha lishushe kwa nguvu mpaka lilie "pa!" Mara kumi upande huu, geuza, mara kumi upande wa pili. Ukilipapasa utaona vinyuzi vimesimama. Mashuka tunakung'uta wawili, kila mmoja na ncha yake, na asiyezoea huponyokwa shuka likaenda mchangani. Hapo ni kurudi kwenye ndoo.

Hii si imani ya madobi tu. Mwaka 2020 watafiti wa Japani, wa kampuni ya Kao na Chuo Kikuu cha Hokkaido, walionyesha kwamba maji kidogo sana yanayobaki juu ya nyuzi za pamba huzigandisha pamoja kama gundi. Ukikung'uta na kufikicha unaiachanisha ile gundi.

Hatua ya 5: Anika mapema

Saa mbili asubuhi nguo zangu ziko kambani, zimeachana nafasi ya kiganja, ili upepo upite. Za rangi nazigeuza ndani nje. Taulo nalibana kwa ncha yake fupi, silikunji katikati, maana likikunjwa linakauka upande mmoja huku mwingine ukivunda. Likishakauka nusu nalishusha, nalikung'uta tena mara tano, nalirudisha kichwa chini.

Hatua ya 6: Anua kabla halijakauka kupita kiasi

Shika pindo, pale kitambaa kilipo kinene. Likiwa bado na ubaridi kidogo na kwingine kote kumekauka, anua. Ukingoja jua la saa nane umelikaanga. Likung'ute, lifikiche taulo kwa taulo kwa mikono miwili, tandaza juu ya kiti ndani lisaa limoja, ndipo ukunje.

Kuna watakaosema bora kivulini. Upole wa kivuli naujua, ila kuna nzi anayependa kutaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye majani, na buu lake huingia ngozini na kuota kama jipu. Kwa hiyo nepi za mtoto na nguo za ndani, popote ulipozianika, zipige pasi ya moto pande zote mbili, na kwenye mishono usipite haraka.