Kuhamia shamba Tanga au Bagamoyo: pima maji na njia kabla ya kutoa hela

Wengi huonyeshwa shamba mwezi Julai. Kusi inavuma, njia imekauka, visima bado vina maji ya masika, na bei inasikika ndogo ukiilinganisha na kiwanja cha mjini. Ni mwezi mzuri wa kutembea, lakini mbaya wa kuamua, maana hauonyeshi tope wala kiu. Pwani hii ina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mahali unapotaka kuishi paone mara mbili: mwishoni mwa Aprili, kisha Septemba au Februari. Muuzaji asiyeweza kukungoja kwa muda huo mwache.

Anza na maji, na uyafanyie hesabu. Familia ya watu 5 inayojibana hutumia kama lita 30 kwa kila mtu kwa siku, yaani lita 150, sawa na madumu 8 ya lita 20. Kwa mwezi ni madumu 240. Uliza dumu moja linafikishwa mlangoni kwa shilingi ngapi wakati wa kiangazi, kisha zidisha. Jibu hilo peke yake limewarudisha mjini watu waliokuwa wameshanunua mabati.

Kama kuna kisima, kipime Septemba. Teremsha jiwe lililofungwa kamba, uone maji yana kina gani. Choteni ndoo 20 mfululizo, ngojeni saa moja, kisha pimeni tena. Yasiporudi karibu na pale yalipokuwa, kisima hicho hakitatosha nyumba nzima na bustani. Onja maji, na ujaribu kufulia kitambaa: sabuni isipotoa povu, maji ni magumu au yana chumvi. Karibu na bahari hali huweza kuwa mbaya zaidi kadiri mnavyochota, kwa sababu maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yakipungua chini, ya bahari huingia mahali pake. Kwa hiyo kuchimba zaidi si dawa ya kisima cha chumvi. Mara nyingi kina kikizidi ndivyo chumvi inavyozidi. Angalia pia vyoo vya majirani. Shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na lisiwe upande wa juu wa mteremko.

Mvua ya paa ndiyo akiba tunayoiamini zaidi kwa nyumba za shamba. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 8, ukitoa moja ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, linakupa takriban lita 64 kwa kila milimita. Katika mwaka wa milimita 1,000 hizo ni lita 64,000. Tatizo ni pa kuyaweka. Kutoka Juni hadi Septemba ni siku kama 120, na kwa lita 150 kwa siku unahitaji lita 18,000. Tangi moja la lita 5,000 litakuvusha mwezi mmoja tu na siku chache. Mifumo hii huharibika kwa mambo madogo: gata lisilo na mteremko hufurika katikati, tangi lililokaa juu ya udongo usiosawazishwa hupasuka chini, na mvua ya kwanza ikiachwa iingie huleta vumbi na kinyesi cha ndege. Maji hayo ya kwanza yaelekeze nje, na mdomo wa tangi ufunike kwa wavu ili mbu wasizalie humo.

Baada ya maji, njia. Bonde la Ruvu hufurika masika. Kwenye milima ya Muheza kuelekea Amani tatizo ni udongo mwekundu unaoteleza. Panda bodaboda siku ya mvua kutoka barabara ya lami hadi nyumbani, uandike dakika na nauli, kisha uulize wenyeji: mama mjamzito akishikwa na uchungu saa nane za usiku, gari la nani linaitwa? Kama hakuna jina linalotajwa haraka, hesabu hilo kama pengo kubwa. Jua zahanati iko wapi na kama hupima malaria kila siku. Jua pia muda wa kufika hospitali ya wilaya, au hospitali ya mkoa ya Bombo kwa walio Tanga. Kuhusu umeme, hesabu nguzo zinazokosekana kati ya laini na nyumba.

Ardhi ina mitego yake. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake haukulindi. Omba uone muhtasari wa mkutano. Kiwanja kilichopimwa kifanyie upekuzi, yaani kuangaliwa kumbukumbu zake, ofisi ya ardhi. Mume akiuza, mke akubali kwa maandishi, na majirani wa pande zote nne wasimame mipakani siku ya kupima. Huku pwani ulizia na miti: minazi na miembe huweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye ardhi, na atakuja kuangua kwa haki yake. Ekari ya kijijini hupimwa hatua 70 kwa 70, na hatua hutegemea miguu ya mpimaji. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63.6, njoo na tepu. Ukivutiwa na ufukwe, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari au ukingo wa mto.

Kama utajenga, nunua bati la geji 28, si 30, maana namba ikipanda bati linakuwa jembamba na chumvi ya bahari hulila upesi. Mchwa wawekewe dawa kabla ya kumwaga zege la sakafu.

Mapato ya shamba usiyaingize kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza. Muhogo huhitaji miezi 9 hadi 12, nanasi kama lile la Kiwangwa karibu mwaka na nusu, mchungwa wa kubebeshwa (ulioungwa kwenye shina la mwingine) miaka 3 au 4, mnazi mrefu 6 au zaidi. Ngedere na nguruwe pori hawakungoji uzoee.

Njia salama ni kupanga nyumba kijijini kuanzia Machi hadi Oktoba kabla ya kununua chochote. Watoto wasome shule ya hapo, na mwenye kazi ya mjini aifanye safari yake kamili, si ya majaribio ya siku mbili. Nyumba ya mjini usiiuze; ipangishe, na kodi yake ilipe madumu na bodaboda. Oktoba ikifika, kaeni wote. Yule anayechota maji na kuamka usiku mtoto akiumwa aseme kwanza, na akisema hapana, msinunue.