TV Nzima, Akili Imechoka: Kuchagua Kisanduku cha HDMI

Mama mkubwa, Tabata, alitaka kuiondoa TV yake ya inchi 43 kwa kuwa YouTube inaganda na Netflix haifunguki kabisa. Kioo kizima, rangi safi. Kilichochoka ni programu za ndani, maana watengenezaji huacha kuzisasisha baada ya miaka michache. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011, ambazo nyingi zilikuwa bado zinawaka vizuri. Ndiyo maana mimi TV naihesabu kuwa kioo tu. Akili naichomeka nje: kisanduku kidogo cha kuonyeshea YouTube na Netflix, kinachounganishwa na TV kwa HDMI, waya mmoja wa picha na sauti. Kikizeeka nabadilisha hicho.

Hatua ya 1. Angalia nyuma ya TV. Tundu la HDMI lipo? Twende.

Hatua ya 2: mfumo. Hapa nina upande na sifichi: Google TV au Android TV halisi, yaani mifumo ya Google iliyotengenezwa kwa ajili ya TV, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isipungue GB 2. Visanduku vya Xiaomi vimenitosha. Apple TV ni nzuri sana, ila bei yake naona inawafaa waliokwisha jaza iPhone nyumbani. Roku ya ndugu aliyetoka Marekani mshukuru, kisha mrudishie. Imelenga soko la huko.

Hatua ya 3: idhini ya picha. Usiruke hii. Mama mkubwa nilimnunulia Kariakoo kisanduku cheusi kisicho na jina la maana, boksi limeandikwa 8K, bei ya kutupa. YouTube ikatoka safi kabisa. Netflix ikaja ukungu mtupu, nyuso kama zimepakwa mafuta. Nikalaumu bando, nikaongeza. Nikahamisha ruta. Nikabadilisha waya wa HDMI. Nikapandisha hadi kifurushi cha Netflix cha bei ya juu. Jioni ya pili Mama mkubwa akaniuliza, "Mwanangu, kwani fundi si wewe?"

Tatizo lilikuwa kufuli. Netflix hufunga video zake kwa Widevine, teknolojia ya Google. Kifaa chenye ngazi ya L1 hufungulia ndani ya sehemu salama ya chipu. Cha L3 hutegemea programu tu, na hicho Netflix hukipa picha ya 480p, yaani ya ubora wa chini, hata ukiwa na intaneti ya mkonga. Video za kawaida za YouTube hazina kufuli hilo, ndiyo maana zilinidanganya.

Kwa hiyo dukani mwambie muuzaji akiwashe. Hana intaneti? Washa hotspoti ya simu yako. Pakua programu ya DRM Info, inayoonyesha ngazi ya kufuli hilo, kutoka Play Store, tafuta "Security Level": iwe L1. Hata hivyo L1 peke yake haitoshi, kwa sababu Netflix ina idhini yake tofauti kwa kila kifaa. Ifungue: ukiona lazima usogeze mshale kama wa mausi, hiyo ni Netflix ya simu iliyopachikwa, kiache. Kitufe chekundu cha Netflix kwenye rimoti si ushahidi, rimoti yeyote anachapisha. Muuzaji akikataa kuwasha, ondoka. Akisema "zote ni zilezile, bosi", ondoka upesi zaidi.

Tena si picha tu. Juni 2025 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi iliyokutwa kwenye vifaa vya nyumbani vya aina hii, vingine vikiwa nayo kabla hata ya kununuliwa.

Hatua ya 4: umeme. Chomeka chaja ukutani. USB ya TV nyingi hutoa ampea 0.5 tu, na kifaa kitakuwa kinajizima na kujiwasha katikati ya mechi.

Hatua ya 5: bando. Netflix ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, ya 4K hadi 7. Kama unategemea bando la simu, ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, weka matumizi ya data ya kati: takriban GB 0.7 kwa saa.

Hatua ya 6. Kwenye TV yenyewe futa nenosiri la Wi-Fi, isiendelee kukusumbua na masasisho yasiyokamilika. Washa HDMI-CEC (Samsung huiita Anynet+, LG Simplink) ili rimoti ya kisanduku iwashe TV na kupandisha sauti. Rimoti ya TV usiitupe. Utaihitaji ukitaka kurudi kwenye king'amuzi.