Kupinda mwale kwa sukari ya chai

Mimi hukata vioo Kongowea, Mombasa. Mpwa wangu aliniuliza mbona barabara ya Nyali mchana huonekana ina maji. Mazigazi hayo, mwanangu: hewa iliyogusa lami hupata joto, mwale ukapinda kuelekea juu, jicho likadhani anga ni dimbwi.

Nikamwonyesha kwa tangi la samaki. Tandaza kilo moja ya sukari chini, funika kwa sahani, mimina maji yenye matone mawili ya maziwa, polepole mno, kisha toa sahani taratibu. Usikoroge! Liache siku mbili, tena ulifunike. Langu la kwanza lilivamiwa na chungu.

Sasa elekeza tochi ya leza ubavuni, karibu na chini, mbali na macho ya watu. Mwale utainama, ugonge sakafu ya kioo, uruke, uiname tena. Majini nuru hupunguzwa kasi mara 1.33, katika shira nzito, karibu 1.45. Mwale hufuata upande wa uzito.

Wabunifu wa viinimacho, yaani vifaa vya kupinda nuru ili kitu kisionekane, huanzia mwisho: huchora njia wanayoitaka, kana kwamba wanavuta kitambaa chenye miraba, ndipo hesabu iseme kila sehemu iwe nzito kiasi gani. Wanafizikia John Pendry na Ulf Leonhardt walieleza hayo mwaka 2006. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilipunguza kivuli cha mcheduara wa shaba mbele ya mawimbi ya mikrowevu.

Kabla ya kumwaga shira, bandika picha nyuma ya tangi. Itazame inavyovutika.