Kigoma na Tabora kwa safari moja: namna ya kupanga usiumie mfuko

Wadau, kila likizo ikikaribia watu wanaulizana waende wapi na majibu ni yaleyale, Zanzibar, Arusha, mwenye hela zaidi Dubai, huku magharibi hakuna anayekutaja kabisa. Mimi naishi Kigoma, Mwanga, na inaniuma kweli maana ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi liko hapa, karibu mita 1,470 kwenda chini, na sokwe mtu wanaofuatiliwa na watafiti tangu 1960 wako hapa, halafu wageni wengi tunaowaona wakishuka na mabegi ni wazungu waliotoka mbali kuliko nyie. Kwa hiyo leo naelekeza jinsi ya kuja, na ushauri wangu ni mmoja, usije Kigoma peke yake, unganisha na Tabora maana njia ni moja na historia ni moja.

Kabla hujaomba likizo angalia mwezi, namaanisha mwezi wa juu angani. Dagaa wa huku wanavuliwa usiku kwa taa, samaki wanaufuata mwanga, sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga na taa haina kazi, wavuvi wengi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu na mwalo, pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa, unapoa. Ukija kwenye giza ndo utaona mambo, kaa ufukweni Kibirizi au Katonga kuanzia saa mbili usiku uangalie taa zinavyojipanga huko ziwani utasema kuna mji mwingine, halafu asubuhi saa kumi na mbili uwe umeshafika mwaloni mitumbwi inapoingia. Jambo lingine, mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani miezi 3, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, kwa hiyo ulizia kwanza kama ziwa liko wazi, usije ukakuta mwalo umelala. Mimi ningekwambia uje mwishoni mwa Agosti au Septemba, giza la mwezi, kiangazi, njia za porini kavu.

Usafiri sasa. Ukitoka Dar unaweza kupanda SGR mpaka Dodoma halafu uendelee kwa basi, au upande treni ya reli ya zamani moja kwa moja. Basi linawahi, lakini kama una siku za kutosha panda treni, kata behewa la kulala mapema sana hasa Desemba maana yanaisha, beba maji na shuka, chakula utakula njiani kwa akina mama wanaokuja madirishani kwenye stesheni. Reli hii ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na inafuata karibu njia ileile ya misafara ya zamani ya pembe na watumwa kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, kwa hiyo ukikaa dirishani unapita walikopita watu kwa miguu miezi na miezi.

Shuka Tabora. Watu wengi wanapitiliza wakiwa wamelala na hapo wanakosa nusu ya safari. Tafuta gesti karibu na mjini, zipo nyingi na bei yake ya kawaida, kisha chukua bajaji au boda mpaka Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe walilokaa wale wasafiri wa kizungu Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ni nyumba nyekundu ya udongo yenye kuta nene na ua katikati, ndani kuna ubaridi hata jua likiwa kali. Ukiwa pale muulize mtunzaji habari za Mtemi Mirambo, maana watu wanasimuliwa Stanley tu wakati mwaka 1871 Mirambo ndiye aliyefunga njia ya kwenda Ujiji, akapigana na Waarabu wa Tabora na Stanley akiwa upande wao, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini ndo akafika. Baadae treni ikikupitisha Urambo utajua unapita kwa nani.

Asali usiiache. Tabora kuna ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo, ya wadogo ni nyepesi, ina uchachu kwa mbali na bei yake iko juu, wengi wanainunua kama dawa ya kifua. Onja kwanza kabla ya kulipa, muuzaji mzuri hakatai. Ukija msimu wa mvua utakuta na uyoga wa porini unauzwa barabarani, ule wa kupika na karanga, aisee huo nao una utamu wake.

Kutoka Tabora mpaka Kigoma endelea na treni au basi kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza kwenye chumvi, unavuka mto Malagarasi, ukianza kuona michikichi mingi ujue umefika kwetu. Lala Mwanga au Kigoma mjini. Ujiji ni daladala tu, nenda kwenye kumbukumbu ya Livingstone walipokutana na Stanley 1871, saa moja inatosha, ila usirudi haraka, zunguka mitaa ya Ujiji yenyewe, nyumba za zamani, misikiti, wazee kwenye baraza watakuelezea kuliko kibao chochote.

Gombe, kwa hao sokwe niliowataja mwanzo, ndo pa kutulia. Hifadhi ni ndogo, imekuwa ya taifa tangu 1968, na haina barabara, unafika kwa maji tu. Boti ya kukodi inawahi lakini bei yake inauma, kwa hiyo kama ni wawili watatu nenda Kibirizi mchana upande boti ya abiria inayopeleka watu vijiji vya kaskazini, mwambie nahodha mapema kwamba unashuka Gombe Kasekela, na ukubali kukaa na magunia, kuku na watoto masaa kadhaa. Kurudi boti zinapita alfajiri hivyo lazima ulale. Jumapili usitegemee. Malipo ya hifadhi ongea kabla na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, unapewa kontrol namba ya kulipia, na beba kitambulisho cha NIDA maana kiingilio cha Mtanzania ni tofauti kabisa na cha mgeni, hii ndo sababu nashangaa watu wanaosema utalii ni wa wazungu.

Ukiwa na mafua usiende kwa sokwe, nakuomba sana. Wanaambukizwa magonjwa yetu na wanakufa, ndo maana utapewa barakoa na kuambiwa ukae mbali. Kuna umri wa chini kwa watoto pia, ulizia kabla hujawabeba. Mwongozaji akikupeleka kwenye kichuguu simama kimya, ukibahatika utamuona sokwe anachuma kijiti, anakisafisha majani kwa mdomo, anakiingiza tunduni polepole, anakivuta kikiwa na mchwa na kuwalamba. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall aliona hilo hapahapa 1960 na ikawabidi wanasayansi wafikirie upya habari ya binadamu kuwa peke yake anayetengeneza zana. Baada ya hapo shuka maporomoko ya Kakombe, upoe.

Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, ni nzuri kupita maelezo, milima inashuka mpaka ziwani, lakini iko mbali kusini na gharama yake ni nyingine, iweke safari ya peke yake. MV Liemba, meli ya Wajerumani ya 1913, ulizia bandarini kama inasafiri kabla hujaiweka kwenye ratiba.

Kula migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, kwa mama ntilie yeyote wa mwaloni. Kuogelea uliza wenyeji sehemu, kuna kwingine mamba wapo. Na dagaa wa kurudi nao nunua wa chanja, yaani waliokaushwa juu ya kichanja, usichukue waliokaushwa chini, wana mchanga. Chota kiganjani, waangalie kama wanang'aa na vichwa havijakatika, nusa, kama wana harufu kali waache. Funga mifuko miwili halafu boksi, uandike jina lako juu, konda wa basi hatakusumbua.