Kupunguza chembechembe katika picha za kundi zinazopigwa nje
Chembechembe, yaani vidoa vidogo vinavyochafua nyuso katika picha ya kundi, hutokana zaidi na uhaba wa mwanga unaofikia kihisi cha kamera, na huonekana wazi pale mpiga picha anapong'ang'ania ISO 100 (ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyokuza mwanga ulioingia), akapata picha yenye giza, kisha akaing'arisha kwenye kompyuta. Ni afadhali sana kupandisha ISO hadi 400 au hata 800 na kupata mwangaza sahihi papo hapo. Kwa safu mbili za watu waliotulia, tundu la lenzi la f/5.6 (upana wa njia ya mwanga) na kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde (muda ambao mwanga unaingia) kwa kawaida hutosha. Wasimamishe kivulini wakielekea upande wenye anga wazi ili nyuso zao zipate mwanga wa kutosha tangu mwanzo, kwa kuwa nyuso za kundi ni ndogo, na programu za kuondoa chembechembe hufuta chembechembe hizo pamoja na kope na nyusi.