Namna ya Kujiandaa kwa Upasuaji wa Matundu Madogo wa Uvimbe wa Maji Begani

Uvimbe wa maji unaoota ndani kabisa ya bega hauonekani kwa nje kama ule wa kifundo cha mkono, na ndiyo maana wengi huugundua wakiwa wamechelewa. Mara nyingi chanzo chake ni kuchanika kwa ukingo laini unaozunguka kikombe cha bega: ute wa kiungo hupenya kwenye ufa, hushindwa kurudi, hujikusanya nyuma ya kombe la bega na kuubana mshipa wa fahamu unaoamuru misuli ya kuzungushia mkono nje.

Kunja kiwiko, kibane ubavuni, kisha mwombe mtu auzuie mkono wako huku ukiusukuma kuelekea nje. Fanya hivyo kwa mikono yote miwili. Ikiwa mmoja unalegea, au akikutazama mgongoni anaona bonde penye kombe la bega hilo, usingoje, kwa sababu msuli uliosinyaa kwa muda mrefu huenda usirudi wote. Kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, huonyesha uvimbe pamoja na ufa wenyewe.

Swali ambalo nakusihi umuulize daktari bingwa wa mifupa ni hili: je, ufa utashonwa? Kunyonya maji kwa sindano huleta nafuu, lakini uvimbe mara nyingi hujaa tena kwa kuwa njia ya ute imebaki wazi. Katika upasuaji huu, kamera nyembamba hupitishwa kwenye tundu lisilozidi sentimita 1, ute mzito kama wa yai hutolewa, kisha ukingo hurudishwa mfupani kwa nyuzi na vishikizo vidogo.

Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, wala usiziache bila kuagizwa. Kwa kawaida hutakiwi kula kwa saa 6 kabla ya nusukaputi. Vaa shati la vifungo vya mbele.

Ganzi ya shingoni huweza kuufanya mkono uwe mzito hadi siku nzima. Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa kabla ganzi haijaisha. Lala ukiwa umeegemea, mto ukiwa chini ya kiwiko. Ufa ukishonwa, mkono huning'inizwa kwa mkanda wiki 3 hadi 6, huku vidole vikichezeshwa kila siku, na michezo ya kurusha husubiri miezi kadhaa. Nyuzi za mshipa wa fahamu zilizokatika huota takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo nguvu huchelewa kurudi kuliko maumivu kuondoka. Homa, usaha au wekundu unaoenea kwenye kidonda ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo.