Somo: Kutengeneza filamu ya mtoto anayekua katika Kigoma ya mwaka 1996, kwa fedha zako mwenyewe

Ndugu wanachama, salaam. Tangu filamu yetu fupi ionyeshwe Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, nimejibu swali lilelile mara nyingi mno, nikaona ni heri niandike jibu lote mahali pamoja. Swali ni hili: vijana wasio na kampuni wala mfadhili wanawezaje kutengeneza filamu ya mtoto anayevuka utoto, nayo ikamrudisha mtazamaji katika Kigoma ya miaka ya tisini? Filamu yetu ina dakika 24, tulikuwa watu 7, na mambo yake yote yanatokea mwaka 1996. Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya kwanza: chagua mwaka mmoja. Anayesema "miaka ya tisini" bado hajachagua. Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye, Warundi waliingia mkoani kwetu kwa makundi makubwa. Mwaka 1994 vituo vya kwanza vya televisheni vilianza huku Bara, lakini mtoto wa Gungu, hapahapa Kigoma, aliendelea kukua na redio. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, na watu walijikusanya kwenye redio ya jirani mwenye betri nzima. Mwishoni mwa mwaka huohuo wengine walivuka ziwa letu la Tanganyika wakikimbia vita vya Zaire, nchi iliyobadilishwa jina Mei 1997. Kwa hiyo mtangazaji wa 1996 akitamka "Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo" katika filamu yako, mzee wa kwanza atakayeisikia atajua kwamba hukuuliza mtu.

Hatua ya pili: andika muswada wenye jambo moja linalomnyima mtoto usingizi. Binti yetu yuko darasa la saba, baba yake ni mvuvi wa dagaa, na hajui kama akifaulu kutakuwa na fedha za kumpeleka sekondari.

Hatua ya tatu: omba vibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inakutaka upate kibali cha kutengeneza filamu, na maombi yanapelekwa Bodi ya Filamu. Baada ya hapo jitambulishe serikali ya mtaa, na ukumbuke kwamba stesheni na bandari zina wenyewe, nao huombwa kwa barua yao. Mtoto asisimame mbele ya kamera kabla mzazi hajatia saini ya ridhaa.

Hatua ya nne: safisha eneo. Kazi kubwa hapa ni kuondoa vitu, wala si kuongeza. Kabla ya kuweka kamera zungusha macho polepole utafute minara ya simu, madishi, paneli za sola, mabango ya vocha, mabati ya rangi, bodaboda, na magari yenye namba zinazoanza na T na kuishia na herufi tatu, kwa kuwa hizo ni za miaka ya 2000. Usichoweza kukiondoa, kifiche kwa shina la mwembe, kwa kanga iliyoanikwa, au kwa kuishusha kamera mpaka usawa wa macho ya mtoto. Njia hii ya mwisho ndiyo niipendayo, kwa sababu mtoto haoni paa. Anaona vifungo vya shati la mwalimu na sufuria iliyo mezani.

Hatua ya tano: maleba na vifaa. Azima kwenye masanduku ya bibi zetu, usinunue. Fedha zichunguze moja moja: noti ya 2,000 ilianza mwaka 2003, sarafu ya 200 mwaka 1998, na sarafu ya 500 mwaka 2014.

Hatua ya sita: taa za ziwani. Hapa ndipo tulipoharibu, na hapa ndipo ninapokuomba usome kwa utulivu. Muswada wetu ulikuwa na binti amesimama ufukweni Kibirizi usiku, akizitazama taa za wavuvi na kujaribu kukisia ni ipi ya baba yake. Tulipanga usiku tatu kwa kufuata ratiba ya waigizaji, tukalipa nauli na chakula, tukafika, na ziwa lilikuwa tupu. Ulikuwa mwezi mpevu. Dagaa hufuata taa usiku wa giza, na mwezi ukiangaza maji yote taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwakusanya, ndiyo maana katika siku hizo wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Mimi ni mzaliwa wa hapa, na jambo hilo nalijua tangu utotoni, lakini niliandika ratiba nikiwa na kalenda ya ukutani bila kuutazama mwezi.

Tulirudi katika usiku usio na mbalamwezi, tukakuta ziwa limejaa taa, tukapiga picha kwa furaha usiku mzima. Asubuhi nilimwonyesha mzee mmoja aliyevua miaka mingi. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama, akairudisha taratibu, akasema: "Hizi si karabai. Ziwa la wakati ule lilikuwa la njano, na lilikuwa linavuma." Alikuwa sahihi. Taa za leo ni za betri na sola, mwanga wake ni mweupe wenye ubuluu, na katika picha zilionekana kama barabara ya mjini. Zaidi ya hapo, karabai iliyojazwa upepo ina mvumo wake usiokoma, na karabai nyingi juu ya maji yaliyotulia hufika ufukweni kama pumzi ya mtu aliyelala.

Tuliazima karabai nne na mitumbwi miwili, tukaiweka karibu na ufuko, kisha zile taa za mbali tukazibadilisha rangi moja moja wakati wa kuhariri. Mvumo tuliurekodi peke yake, maikrofoni ikiwa hatua mbili kutoka kwenye karabai. Maonyo ni haya. Mtoto asipande mtumbwi usiku kwa ajili ya picha. Binti yetu hakuondoka mchangani. Aliyemo mtumbwini avae jaketi la kuokolea hata kama ni mvuvi hodari. Karabai isijazwe mafuta ikiwa ya moto, na awashe anayejua. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huamsha mawimbi makali, kwa hiyo mvuvi akisema leo hapana, usimbembeleze. Mwisho, uliza mapema kama ziwa liko wazi, kwa kuwa mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti.

Hatua ya saba: sauti na maneno. Ondoa milio ya simu na pikipiki. Kagua pia vinywa vya waigizaji: msichana wetu alisema "nibipu" kwa mazoea, na ilibidi turudie, kwa kuwa mtoto wa Kigoma wa mwaka 1996 hakuwa na simu ya kumbipu mtu.

Hatua ya nane: kamera. Simu nzuri inatosha ikiwa programu yake inakuruhusu kuchagua fremu (yaani picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, na ukiweka vinginevyo taa za ndani huweza kupepesa.

Hatua ya tisa: maliza kupiga picha ndani ya wiki chache. Sisi tulichukua miezi saba, na binti alirefuka mpaka mikono ya sare ikamfupikia.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Mwandiga: Kaka, asante kwa somo. Je, ninunue kamera gani? Simu yangu inafaa?

Jibu: Hatua ya nane.

Mpenda Picha: Nimechagua nyimbo sita za zamani za dansi, nitazipakua mtandaoni na kuziweka. Sidhani kama kuna tatizo, wengi wamekwisha kufariki.

Jibu: Tatizo lipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na warithi wake wapo. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uelekezwe kwa wenye haki, au tafuta mpiga gitaa wa hapa akutungie wimbo mpya kwa mtindo wa wakati huo. Sisi tulimlipa mpiga gitaa, na sioni kwa nini mtu anayetaka kazi yake iheshimiwe aanze kwa kuchukua ya mwenzake.

Mpenda Picha: Nimeuliza tu, usikasirike.

Jibu: Sijakasirika, ndugu yangu. Nimejibu ulichouliza.

Binti wa Tabora: Shikamoo kaka. Ninaandika kuhusu mvulana wa mwaka 1998 anayeisubiri treni ya Kigoma katika stesheni yetu ya Tabora, kwa kuwa dada yake yumo. Mabehewa ya sasa hayafanani na ya wakati ule, na sina uwezo wa kuyapaka rangi. Nifanyeje bila kuiondoa treni?

Jibu: Marahaba dada, na hongera kwa kuchagua mahali penye njia panda, maana hapo Tabora ndipo njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma, na mvulana anaweza kusubiri treni isiyo yake. Jiulize yeye anaona nini. Behewa zima analiona kwa sekunde chache tu. Muda mwingi anaona madirisha, na katika madirisha anaona mikono. Piga picha mikono inayoshusha fedha na kupandisha asali ya chupa, karanga na embe. Mlio wa breki na kishindo cha mabehewa yakigongana virekodi siku nyingine, usiku wa manane kukiwa kimya. Uso wa mvulana ukipigwa kwa mwanga unaopita vipande vipande, kwa kupitisha ubao wenye matundu mbele ya taa ya njano, mtazamaji ataiona treni ambayo hukuionyesha. Ukimaliza muswada, nitumie niusome.

Fundi Cherehani wa Ujiji: Naongezea kwa wote. Shati jipya la sare huonekana jipya hata likikunjwa. Lilowekeni katika chai ya rangi iliyokolea, mlianike juani siku kadhaa, kisha msugue kola na mfuko kwa jiwe laini. Kiraka kisiwe cha rangi ileile, kwani mama zetu walishona kwa kitambaa kilichopatikana.

Jibu: Asante sana fundi. Kiraka cha kaptula katika filamu yetu ni kazi yake, na watazamaji wawili walinitajia kiraka hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Msomaji wa Kasulu: Umechagua 1996, lakini baada ya hatua ya kwanza sijaona mkimbizi hata mmoja katika somo lako. Je, hiyo si kumbukumbu ya kupendeza iliyofuta watu?

Jibu: Swali lako ni zito, na lilinisumbua wakati wa kuandika. Katika filamu wamo. Jirani mpya wa dawati la binti ametoka ng'ambo ya ziwa, anazungumza Kiswahili chenye lafudhi nyingine, na siku moja anazijua taa za mitumbwi kuliko yeye. Sikumpa machozi wala hotuba, kwa kuwa mtoto wa miaka 13 humtambua mwenzake kwa kalamu wanayoazimana kwanza. Hata hivyo nilimpa sehemu tatu tu, na nikiifanya tena nitamwongezea ile ya ufukweni, awe amesimama kando ya binti, naye akitafuta upande wa giza ambako kwao kuko.

Mvuvi Kijana wa Katonga: Kaka, karabai nne mlizipata wapi? Kwetu zimebaki mbili, na moja haishiki upepo.

Jibu: Mbili zilitoka kwa wazee wa Kibirizi, moja kwa mama muuza mawese, na ya nne ilikuwa kama hiyo yako. Fungua pampu, utakuta ngozi ndogo ya duara ambayo hukauka ikikaa miaka mingi bila kazi. Ipake mafuta, iache ilale usiku mmoja ilainike, kisha irudishe. Yetu ilishika, ikawaka mpaka alfajiri.